Godoro, ndoo na nauli havitoshi

Mkoa wa Kagera unajua kulea mtoto wa mtu mwingine. Sidhani kama kuna mkoa mwingine Tanzania uliolazimika kulijua hilo kwa ghafla na kwa machungu kiasi hiki. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa hapa mwaka 1983, katika Hospitali ya Ndolage huko Kamachumu, wilayani Muleba. Miaka kumi baadaye ilikuwa kazi kupata ukoo, uwe wa Kahororo na Kashai mjini Bukoba au wa Nshamba na Rubya, ambao haujazika vijana wake na kubakiwa na watoto wao. Mabibi waliokwishamaliza kulea walianza upya. Mashangazi waliongeza vitanda. Makanisa yalifungua makao, mashirika yakaja, mengine yakakaa, mengine yakafunga virago fedha zilipokwisha. Ilipozama meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na lilipopiga tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, mlango ulifunguliwa tena kwa watoto wa marehemu bila mtu kusubiri kuombwa.

Naiheshimu kazi hiyo kwa moyo wote, na ndiyo maana nataka kusema palipo na pengo. Tunamlea mtoto mpaka kizingitini, kisha tunamwacha pale pale. Anayelelewa kwenye makao akitimiza miaka 18 huagwa kwa sala, godoro, ndoo, blanketi na nauli. Anayelelewa na bibi haagwi kabisa, kwa sababu mara nyingi bibi mwenyewe ameshazikwa. Wote wawili wanaambiwa neno lile lile: sasa wewe ni mtu mzima, kajitegemee. Ni nani aliyewahi kukaa nao wakafanya mazoezi ya huko kujitegemea?

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu wa chini ya miaka 18. Kanuni zilizofuata mwaka 2012 zikaweka utaratibu wa malezi ya kambo na wa makao ya watoto, na kumpa Afisa Ustawi wa Jamii kazi ya kuchunguza familia na kumfuatilia mtoto. Ni sheria nzuri, na maofisa wetu wanaitekeleza kwa usafiri wa kubahatisha na mafaili yaliyojaa meza. Lakini ulinzi wote huo umesimama juu ya umri. Asubuhi ya siku ya kuzaliwa ya 18 kijana ni yule yule wa jana usiku, ila faili lake limehamia kabatini.

Hasara ya kukua bila mzazi hatuibashiri. Kagera ni moja ya sehemu za Afrika zilizofuatiliwa na watafiti kwa muda mrefu zaidi. Kati ya 1991 na 1994 kaya zaidi ya 900 za mkoa huu zilihojiwa na kuhojiwa tena, na mwaka 2004 na 2010 watafiti wakarudi kuwatafuta watu wale wale popote walipohamia. Waliofiwa na mama wangali wadogo walionekana, wakiwa watu wazima, kuwa wamepoteza wastani wa mwaka mmoja wa masomo na kama sentimita 2 za kimo. Utafiti huo huo ulionyesha pia kwamba walioondoka kwenda kuishi kwingine waliinuka kimaisha kuliko ndugu zao waliobaki: ongezeko la matumizi yao liliwazidi waliobaki kwa pointi 36 za asilimia. Kwa hiyo kijana wetu ana sababu nzuri ya kupanda basi la Mwanza, Geita au Dar es Salaam. Swali ni anapanda akiwa anajua nini.

Wafikirie vijana wawili. Siwapi majina, maana wapo wengi na kila msomaji wa mkoa huu anawafahamu.

Wa kwanza amelelewa kwenye makao tangu akiwa na miaka minne. Anaamshwa na kengele. Chai inatoka kwenye sufuria ya watu arobaini, na imeshatiwa sukari. Nguo zinagawiwa, sabuni inagawiwa, daftari linagawiwa. Amesoma vizuri, pengine amefika kidato cha nne kwa alama zinazompa mlezi wake fahari. Hajawahi kununua chumvi. Hajui kilo ya mchele inatosha milo mingapi, na hajawahi kulala chumbani peke yake. Akipata kibarua na kupanga chumba Hamugembe, mjini Bukoba, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, anataka barua ya mwenyekiti wa mtaa, anataka mtu wa kumdhamini. Umeme wa Luku unakatika siku ya tatu. Mshahara wa mwezi unaisha siku ya tisa. Majirani wanasema mtoto wa makao amedekezwa, hana akili ya maisha. Mimi nasema hakuna aliyempa nafasi ya kuwa na akili hiyo. Mtu hawezi kujua kubana matumizi ikiwa hajawahi kuuona mwezi ambao chakula kinaweza kuisha kabla haujaisha.

Wa pili ni binti aliyelelewa na bibi yake huko Muleba. Tangu akiwa na miaka tisa anachota maji, anamenya ndizi, anapalilia, anamwogesha bibi, anawaandaa wadogo zake kwenda shule, na kama muda ukibaki anakwenda yeye. Kumwita binti huyu kwenye semina ya kufundishwa kupika ni kumtukana. Mapungufu yake yako kwingine kabisa. Hana cheti cha kuzaliwa. Hajui shamba analolima limeandikwa kwa nani. Hajawahi kuamua jambo kwa ajili yake mwenyewe. Kila uamuzi tangu utotoni umekuwa wa tumbo la mtu mwingine. Kuomba msaada haombi, kwa kuwa maisha yamemfundisha kwamba yeye ndiye anayeombwa.

Sasa angalia tunavyowaandaa hawa wawili. Tunawaweka kwenye ukumbi mmoja, tunaandika ubaoni "stadi za maisha", tunawapa soda na andazi, tunapiga picha, tunawarudisha. Kijana anaweza kunakili kanuni zote za kupanga bajeti kwa mwandiko mzuri na bado asijue la kufanya muuzaji anapomtajia bei kwa sauti ya ukali. Mkono haujifunzi kwa kusikiliza.

Hapa ndipo ninapotaka kuingiza taaluma ambayo wengi wetu tunaikuta hospitalini tu, kama tunaikuta kabisa: tiba kwa vitendo. Ni ile kazi ya mtaalamu anayekaa na mzee aliyepata kiharusi akamfundisha upya kufunga vifungo na kumimina chai kwa mkono mmoja, au anayemsaidia mtoto mwenye mtindio wa ubongo kushika kijiko. Taaluma hii ilipata chama chake cha kwanza Marekani mwaka 1917, ikakua haraka kwa sababu ya askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza wakiwa na majeraha ya mwili na ya akili, na shirikisho lake la dunia likaundwa mwaka 1952. Kwetu Tanzania, kwa miaka mingi wataalamu wake wamefundishwa kwenye shule moja tu, ile ya KCMC Moshi. Waliomaliza hapo wakasambaa kwenye hospitali kubwa, wodi za mifupa, wodi za magonjwa ya akili, na mashirika yanayohudumia watu wenye ulemavu.

Msingi wa kazi yao ni swali moja: siku yako inakwendaje, na inakukwamia wapi? Hawaanzi na ugonjwa. Wanaanza na kuamka, kula, kuvaa, kufanya kazi, kupumzika, kukaa na watu. Wanaivunja shughuli moja vipande vipande, wanatafuta kipande kinachomshinda mtu, kisha wanafanya mazoezi ya kipande hicho mahali pale pale ambapo mtu anakihitaji. Wanaanza kwa kumsaidia sana, wanapunguza msaada taratibu, mwisho wanaondoka.

Niruhusu nikuonyeshe ingekuwaje kwa yule kijana wa kwanza, akiwa na miaka 16, bado yuko kwenye makao hapa Kahororo.

Ni Jumamosi. Mtaalamu anampa shilingi elfu tano na kazi moja: apike wali na maharage ya kuwatosha watu wawili, mchana na usiku, na chenji irudi. Mtaalamu hafundishi kitu. Anatembea nyuma yake na kuangalia. Kijana anafika sokoni, anasimama kwenye genge la kwanza. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, nikupimie nini?" Anaonyesha maharage kwa kidole. Anatajiwa bei, anatoa noti, anapokea maharage na chenji, anaitia mfukoni bila kuihesabu, anaondoka. Hakuuliza bei genge la pili. Akirudi anaanza na mkaa, na jiko linawaka vizuri kwa sababu kuwasha jiko anajua. Anabandika mchele. Mchele unaiva saa saba. Ndipo anapobandika maharage. Saa kumi jioni maharage bado magumu, mkaa umekwisha, mafuta aliyopimiwa yameisha kwenye wali. Kijana anakaa kwenye kigoda, haongei, machozi yako karibu.

Mlezi aliyechoka angesema: mvivu huyu, hasikilizi. Mtaalamu ameona mengine. Hesabu anaijua vizuri, jiko analijua. Amekwama sehemu mbili tu: kupanga nini kitangulie nini, na kuzungumza na mtu asiyemfahamu pale pesa inapohusika. Hizo ni sehemu ambazo mtu anaweza kuzifanyia kazi. Wiki inayofuata wanalowanisha maharage usiku, na kijana anachora kwenye karatasi mpangilio wa saa, anaubandika ukutani. Wanakwenda kwenye duka moja tu, wanafanya mazoezi ya sentensi mbili: "Mama, nipunguzie," na "Subiri kidogo nihesabu." Baadaye wanarudi sokoni, mtaalamu akiwa hatua kumi nyuma. Baadaye tena mtaalamu anabaki nyumbani na simu. Mwisho kijana anakwenda peke yake, na akiharibu anajua ameharibu wapi. Mwezi ukipita wanahamia kwenye Luku. Kisha kwenye kodi. Kisha kwenye kuamka saa kumi na moja bila kengele ya mtu.

Nimekaa sana kwenye maharage haya kwa makusudi. Mambo ya namna hii, nyumbani kwa wazazi, hufundishwa bila mtu kujua kwamba anafundisha. Mtoto anatumwa dukani na kurudishwa kwa sababu chenji imepungua. Anamwona baba akilalamikia bili ya maji. Anaunguza ugali akiwa na miaka kumi, anachekwa, anajaribu kesho. Kwa miaka kumi na minane anakosea mara elfu kwenye nyumba ambayo kosa halimpotezei kitanda. Mtoto aliyelelewa na taasisi hupata nafasi ya kukosea kwa mara ya kwanza siku ambayo kosa linamtupa nje ya chumba. Ndiyo tofauti nzima.

Na msiba nao una kazi yake. Mtoto aliyezika mama, akahamishwa kwa shangazi, kisha kwa bibi, kisha kwenye makao, hajifunzi kupanga kesho kwa urahisi, kwa kuwa kila kesho aliyoipanga ilivunjwa na watu wazima. Wengine hawalali usiku. Wengine wanaweka mkate chini ya godoro hata pale ambapo chakula kipo. Wengine wanapandwa na hasira mtu akiwagusa begani. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo amesomea afya ya akili pia, na anajua kwamba ratiba ndogo inayotabirika, kazi ya mikono inayokamilika na mahali pa kukaa palipo tulivu vinamrudishia mtu hisia ya kuwa na mamlaka juu ya siku yake. Tukimpa kijana huyu mtaji wa kuku kabla hajaweza kulala usiku, tusishangae kuku wakifa.

Kuna kundi ambalo siwezi kulipita. Ni vijana waliozaliwa na virusi vya UKIMWI, ambao kwa miaka yote bibi au mama mlezi ndiye amekuwa akishika chupa ya dawa na kuwaambia saa imefika. Siku wakiondoka, saa inaondoka na bibi. Wanahamishwa kutoka kliniki ya watoto kwenda ya watu wazima, wanapanga chumba na rafiki ambaye hajui hali yao, na hapo dawa zinaanza kufichwa, kisha kurukwa. Daktari anaweza kuwaeleza umuhimu wa dawa mara mia, na wanaujua. Wanachohitaji ni mtu wa kukaa nao na kutafuta, ndani ya siku yao halisi, dawa itakaa wapi, itamezwa pamoja na kitendo gani, na watamjibu nini anayeuliza. Hiyo ni tiba kwa vitendo, tena ya kuokoa maisha.

Turudi kwa binti wa Muleba. Kwake mtaalamu hataanza jikoni. Ataanza kwa kupunguza: wadogo zake wanaweza kubeba lipi, jirani anaweza kubeba lipi, ili binti apate saa mbili za kusoma au za kukaa tu na wenzake. Kisha wataingia kwenye makaratasi, na nayo ni mazoezi kama mazoezi mengine. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinafungua njia ya kitambulisho cha NIDA, na kitambulisho cha NIDA ndicho kinachosajili laini ya simu kwa alama za vidole. Bila laini ya jina lake hana akaunti ya pesa ya kwake, na akilipwa, analipwa kwenye simu ya mtu mwingine. Kwa mtoto ambaye wazazi wote wamekufa na hati ziliungua au hazikuwahi kuwepo, kila dirisha linamrudisha nyuma. Anahitaji mtu wa kwenda naye mara ya kwanza, kusimama naye foleni mara ya pili, na kumwacha aende mwenyewe mara ya tatu.

Halafu kuna kibanja, shamba la ukoo. Kwa Mhaya kibanja ni chakula, ni kaburi la wazazi, ni jina. Kwa yatima ndicho kitu cha kwanza kinachopotea. Wanasheria wanalikumbuka shauri la Holaria Pastory, mwanamke wa huku kwetu aliyerithi shamba la baba yake kwa wosia na kuliuza, mtu wa ukoo wake akampeleka mahakamani kwa hoja kwamba kwa mila ya Kihaya, iliyoandikwa kwenye tamko la sheria za kimila la mwaka 1963, mwanamke hana haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba haki ya mwanamke na ya mwanamume katika jambo hilo ni moja, akitegemea Katiba. Hukumu ipo. Lakini haitembei yenyewe hadi kwenye baraza la ardhi la kata. Binti wa miaka 17 lazima awe amewahi kusimama mbele ya watu wazima na kusema sentensi tatu bila kutetemeka.

Hata akiwa na kibanja, lipo jaribu la butura, la kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa kwa sababu leo kuna shida. Serikali na vyama vya ushirika vimeipiga vita butura kwa miaka mingi, na bado ipo, maana njaa ya mwezi huu haingoji msimu wa kuvuna. Kijana aliyefanya mazoezi ya kuugawa mwaka wake, miezi ya fedha na miezi mikavu, ana nafasi ya kusema hapana. Asiyefanya atasaini.

Atakayesema mambo haya ni ya Wazungu namwomba aende Nshamba. Mwaka 2000, wilayani Muleba, vijana yatima waliokuwa chini ya mradi wa Humuliza walianzisha chama chao wenyewe, Vijana Simama Imara. Walichagua viongozi kutoka miongoni mwao. Walilima pamoja, waliweka akiba na kukopeshana, walisaidiana palipokuwa na shida kwenye nyumba ya mwenzao. Wadogo walikuwa na kundi lao, Rafiki Mdogo. Watu wazima waliwapa msaada na kukaa pembeni, jambo ambalo kwa watu wazima ni gumu kuliko tunavyokiri. Mwaka 2003, Nshamba hiyo hiyo ilizaa Kwa Wazee, mradi wa kuwapa pensheni ndogo wazee wanaolea wajukuu, na tathmini yake iliyotoka mwaka 2008 ilionyesha fedha hizo zikienda kwenye chumvi, sabuni na viatu vya shule. Mashirika ya kusini na mashariki mwa Afrika yalikuja kujifunza, na uzoefu wa Humuliza ukawa mmoja wa mizizi ya REPSSI, taasisi ya kikanda ya msaada wa kisaikolojia kwa watoto iliyoundwa mwaka 2002.

Kwa hiyo wazo la kumwandaa kijana kwa kumpa kazi halisi, fedha halisi na uamuzi halisi lilishazaliwa kwetu, likatembea Afrika, nasi tukaliacha libaki la mradi. Chama cha vijana hakimgundui yule mmoja anayeshindwa kupanga hatua za kazi, au yule anayeacha dawa kimya kimya. Kwa hao anahitajika mtu aliyesomea kuwaona. Ningependa kuona vitu hivi viwili vikikutana: nguvu ya kundi la Nshamba na jicho la mtaalamu kutoka Moshi.

Najua hoja ya fedha. Wataalamu hawa ni wachache, na hospitali zinawahitaji. Sidai kila makao yaajiri wa kwake. Nadai mmoja, kwa kuanzia, anayefanya kazi pamoja na idara ya ustawi wa jamii kwa Manispaa ya Bukoba na wilaya za Bukoba na Muleba, mwenye pikipiki na mafuta. Kazi yake iwe kumwona kila kijana aliye kwenye makao au malezi ya kambo anapofikisha miaka 15, kumpima kwa vitendo, kuandika mpango wake, kisha kuwafundisha mama walezi, mabibi na maofisa ustawi namna ya kuufuata. Kazi kubwa itafanywa na hao wanaolala nyumba moja na kijana. Makao yenyewe yanaweza kuanza hata kesho bila mtaalamu: yavunje ile sufuria ya watu arobaini mara moja kwa wiki, wakubwa wapewe fedha ya chakula chao, wanunue, wapike, waharibu, warudie. Gharama yake ni uvumilivu na wali ulioungua.

Vyuo vipo. VETA Kagera ipo Burugo, imezinduliwa mwaka 2022, na Missenyi kuna chuo cha maendeleo ya wananchi cha Gera. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inatenga asilimia 4 kwa vijana. Lakini fundi anayejua kuchomelea na hajui kuamka atafukuzwa kazi kwa kuchelewa, na mkopo wa kikundi hautolewi kwa mtu asiye na kitambulisho wala watu wa kuunda nao kikundi. Milango hii imejengwa kwa ajili ya vijana wenye nyumbani.

Wengine duniani wameshakubali kwamba miaka 18 haitoshi. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2000 ya vijana wanaotoka kwenye malezi, na leo kijana huyo anaweza kuwa na mshauri wake hadi afikishe miaka 25. Nchini Kenya, vijana waliotoka kwenye makao walijiundia chama chao mwaka 2009, KESCA, ili wasemewe na wanaojua. Mwaka huo huo wa 2009 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha miongozo ya malezi mbadala inayotaka maandalizi ya kujitegemea yaanze mapema kabla kijana hajaondoka, na kila inapowezekana awe na mtu maalumu wa kumsindikiza. Nasisitiza hayo ya mtu maalumu. Si ofisi, si dawati. Mtu ambaye kijana ana namba yake ya simu, na anayepokea.

Wako watakaosema wao walijifunza maisha kwa kupigwa na maisha, na wamesimama. Wapo kweli, na nawapa heshima yao. Lakini waliosimama ndio tunaowaona wakizungumza kwenye mahafali. Yule aliyekwenda kuishi na mwanamume wa kwanza aliyemwahidi chumba, yule aliyerudi kulala stendi ya mabasi, yule aliyeacha dawa, hawaalikwi kuhutubia. Tukitaka kujua malezi yetu yamezaa nini, tuwatafute hao kwanza.

Madiwani wa Bukoba na Muleba, mezani kwenu kila mwaka inakuja bajeti ya ustawi wa jamii, na kila mwaka ni rahisi kuipita haraka ili mfike kwenye barabara. Mwaka huu naomba mmoja wenu asimame na kuuliza: vijana wangapi wametoka kwenye makao na malezi ya kambo ndani ya halmashauri yetu kwa miaka mitano iliyopita, na leo wanaishi wapi? Jibu likikosekana, andikeni kwenye muhtasari kwamba limekosekana, na mwombe kibali cha kuajiri mtaalamu mmoja wa tiba kwa vitendo. Na wewe mlezi mwenye kijana wa miaka 15 nyumbani, Jumamosi hii mpe elfu tano, mtume sokoni, na usimwambie aanze na nini.